Nyumba ya Kifaransa Mteremkoni Kwetu

Bwawa liling'oka kwa kucha mbili tu. Lilikuwa dogo kama kisoda, la plastiki ya bluu, limegandishwa kwa gundi mbele ya kinyumba chenye madirisha ya kijani. Ukingoni mwake walikuwa wamekalisha vijitu viwili, mama na mtoto, kila kimoja kama punje ya mchele, miguu inaning'inia majini. Nilifunua mwenyewe kifuniko cha kioo cha mfano wa kijiji chetu, mchana kweupe, watu wamejaa, nikaingiza mkono nikaling'oa. Mama na mtoto wakatoka nalo.

"Dada! Jamani dada, haviguswi hivyo!" Binti aliyekuwa akitutembeza alikuja mbio na viatu vyake vya visigino.

"Nimeshagusa."

"Basi weka chini."

"Siweki. Niambie kwanza ni nani aliyewaruhusu mchimbe hapa."

Baba mkubwa akanishika mkono. Huyu ni kaka yake marehemu baba mkwe wangu, na sasa ndiye mkubwa wa ukoo. Asubuhi ya siku hiyo nilikuwa nimempa shikamoo kwa magoti. Sasa nilimkazia macho.

"Wee mwanamke, umepandwa na nini? Unatuaibisha mbele ya wageni."

"Wageni ni sisi, baba mkubwa. Hujaona? Meza nzima hii, hakuna nyumba yetu hata moja."

Mama mkwe wangu alikuwa nyuma yetu, amemshika mwanangu wa kike mkono. Hakunikemea wala hakunitetea. Alikuwa anaitazama ile meza kama mtu anayetafuta kitu alichokidondosha gizani.

Kijijini kwetu Kwamsisi wanasema nilikunywa mvinyo wa maonyesho. Mvinyo wenyewe ulikuwa maji yaliyotiwa rangi. Sikulewa, sikupandisha mashetani. Nilikasirika, na naandika hapa kilichonikasirisha, kwa ruhusa ya mama mkwe wangu, kwa sharti alilonipa: nisimtaje mtu kwa jina, hai au aliyekwenda.

Mimi si mzaliwa wa Kwamsisi. Nimezaliwa Mazinde, kwenye nyumba za kambi, zile zilizojengwa kwa mstari ili msimamizi akisimama mwisho aone milango yote. Babu yangu alikuja kutoka mbali kukata mkonge na hakurudi kwao. Makaburi ya wenzake waliokufa kabla yake yalikuwa kwenye shamba namba fulani. Baadaye wakapanda mkonge juu. Tukiwa watoto tulikuwa tunapita kati ya ile mistari tukienda kuokota kuni, na hakuna aliyeweza kutuambia tunakanyaga wapi. Nilisoma Korogwe mpaka kidato cha nne, nikapata mume Mzigua, nikahamia kwao Handeni, kijiji hiki cha Kwamsisi, nyumbani kwa mama yake, chini ya mteremko. Nilifurahi. Kwa mara ya kwanza niliishi mahali ambapo watu wanajua nani amelala wapi. Ndivyo nilivyodhani.

Kisha wakaja watu wa kampuni. Walitaka kujenga mteremkoni nyumba za kupumzikia za mtindo wa Kifaransa, ziwe za watu wa Dar waliochoshwa na joto na kelele. Mkutano wa kijiji ulikaa, wanaume wakasema, wanawake tukakaa upande wetu tukasikiliza, ikapita. Sikupinga. Nilielewa ni upande wa juu kabisa, wa mawe na vichaka, ambako siku hizi hakuna anayelima. Baada ya muda tukaambiwa kuna maonyesho Korogwe, ya bure, kila mtu anaruhusiwa: Maisha na Makazi ya Kifaransa. Na sisi wa Kwamsisi, kwa kuwa ni majirani wa mradi, tungetumiwa gari.

Mama mkwe wangu alivaa khanga mpya. Na mimi nilijipara, sitadanganya. Nilitaka kuona.

Ukumbi ule naujua, ndipo tulipofanyia mahafali. Lakini siku hiyo sikuutambua. Walikuwa wamefunika madirisha yote na kuugawa kwa kuta za mbao nyembamba, zimepakwa rangi ya maziwa, hivi kwamba ukivuka kizingiti unaiacha Korogwe na pikipiki zake mgongoni na kujikuta ndani ya nyumba ya mtu. Baridi ya kiyoyozi. Harufu ya maua, lakini maua ambayo hayajawahi kuota popote ninapopajua. Na kutoka mahali fulani juu ya dari, sauti ndogo: ndege wanalia, sahani zinagongana, mwanamke anasema kitu kwa Kifaransa, kimya, kisha ndege tena.

"Karibuni sana jamani, jisikieni nyumbani," yule binti alisema. Alikuwa mtoto wa Dar, mchangamfu, hana ubaya. "Hapa ni chumba cha kulia. Wenzetu Wafaransa chakula wanakipa heshima yake. Wanakaa mezani hata saa tatu."

"Saa tatu wanakula tu?" baba mkubwa akauliza. "Shamba analima nani?"

Watu wakacheka. Lakini kicheko hakikuenda mbali mle ndani, kuta zile zilikinywa. Meza ilikuwa imeandaliwa, mikate mirefu, jibini, zabibu. Niligusa mkate, ukawa povu gumu. Viti vyote vilikuwa vimevutwa nyuma kidogo, kama waliokuwa wanakula wameinuka sasa hivi waliposikia hatua zetu. Kitambaa kimoja cha kufutia mdomo kilikuwa kimekunjamana. Nikajikuta nageuka kutazama mlango mwingine, nione wamepitia wapi.

Mama mkwe wangu hakuwa ameingia. Alisimama kizingitini.

"Hodi," akasema.

"Ingia tu mama, hakuna mtu," binti akamwambia.

"Hodi," akarudia, akangoja.

"Bibi, si nyumba ya kweli. Ni maonyesho."

Akaingia kwa shingo upande. Kwenye chumba cha kulala akafanya vilevile. Kulikuwa na kitanda kipana chenye mashuka meupe, na chini yake ndala laini za kike, moja imelala ubavu, kama mtu amezivua akipanda. Upande mmoja wa mto ulikuwa umebonyea.

"Hodi humu."

"Jamani bibi! Hakuna mtu!"

"Kama hakuna mtu, nani amevua viatu?"

Wenzetu wakacheka tena, na mimi nikacheka. Kucheka kwenyewe kwa wasiwasi. Nyumba ambayo hodi haijibiwi, kwetu huingii. Aliye ndani huenda hawezi kujibu, au hataki, au si wa kujibu. Mimi ni mtu wa kidato cha nne, najua mbao na gundi ninapoziona. Lakini nilimvuta mwanangu karibu.

Chumba cha mwisho kilikuwa cha mtoto. Mama mkwe wangu akasimama mlangoni akapiga hodi yake, na safari hii akajibiwa. Mtoto alicheka. Kicheko cha mtoto mchanga, kile cha tumboni, kilitoka juu ya vichwa vyetu, kikakata ghafla.

Wote tulitazama darini. Hata baba mkubwa.

"Ni rekodi," binti akasema haraka. "Inajirudia, inajirudia. Pitieni."

Kitanda cha mtoto kilikuwa na chandarua chepesi. Ndani kulikuwa na mwanasesere amelazwa chali, amefunikwa mpaka kifuani, macho yamefumba nusu. Mwanangu, ambaye ana miaka ya kuuliza kila kitu, alijiponyoa mkononi mwangu akashika nondo za kitanda.

"Mama, ni mdogo wangu?"

"Siye."

"Ulisema amelala."

"Siye huyo. Njoo hapa."

"Ulisema amelala, sasa huyu si amelala?"

Nilimnyanyua kwa nguvu kuliko ilivyostahili, na nilipoinua kichwa macho yangu yakaenda dirishani.

Halikuwa dirisha. Ilikuwa picha kubwa yenye taa nyuma yake, imewekewa fremu, mbao za kijani na pazia linalopeperushwa na feni ndogo iliyofichwa. Nilitazama nikaona kilima chenye kipara ng'ambo ya korongo. Nikaona bati la jiko letu, lile lenye kiraka. Moshi unatoka. Uani kuna mwanamke ameinama anafagia, ametupa mgongo, amevaa khanga ya njano.

Mgongo ule ni wangu.

"Hiyo ndo mandhari halisi," binti akasema nyuma yangu, kwa fahari. "Hatukutaka kudanganya watu na picha za mtandaoni. Mpiga picha alipanda mwenyewe kule kwenu. Ukiamka asubuhi chumbani kwa mtoto, hivi ndivyo utakavyoona."

Ni jambo baya kujiona kutoka mgongoni, kutoka dirisha la nyumba ambayo haijajengwa, huku mtoto asiyekuwepo anacheka juu ya dari. Lakini hilo silo lililonivunja. Mbele kabisa ya picha, karibu na dirisha, kama hatua chache ukitoka nje, ulikuwa umesimama mnyaa, ule mti wa utomvu mweupe kama maziwa. Mmoja, peke yake, wa kimo cha mtu. Na shinani mwake, ukijua pa kutazama, kata ya kibuyu imefunikwa kifudifudi.

Niseme sasa, maana bila hili hamtanielewa.

Mtoto wangu wa pili hakulia. Alizaliwa mzima wa umbo, kucha zote, nywele zote, hakulia. Kwa dini ya nyumba niliyoolewa, na kwa desturi ya Wazigua wa pale kabla ya dini, mtoto aliyelia hata mara moja ni wa watu wote: anapewa jina, anaswaliwa, wanaume wanambeba kwenda makaburini. Asiyelia ni wa wanawake. Mama mkwe wangu ndiye aliyeniambia hivyo, akiwa amemshika: "Huyu ni wetu, mwanangu. Wanaume hawamjui." Alimwosha kwa kata ya kibuyu. Kulipokucha, yeye na mwanamke mwingine mzee walipanda naye mteremkoni, wakamlaza, wakasawazisha udongo usionekane, wakachomeka tawi la mnyaa. Kata iliyomwoshea ikafunikwa shinani. Hakuna kilio, hakuna matanga, hakuna mwanaume anayeonyeshwa. Na mama mwenyewe haruhusiwi kwenda hapo mpaka azae mwingine na huyo mwingine atembee. Ukienda mapema, wanasema, humwachi alale.

Sikwenda. Maziwa yalitoka yakakauka, na sikwenda. Nilikuwa nautazama ule mnyaa kutoka uani tu, nikifagia.

Nikamuuliza binti, na sauti yangu niliisikia kama ya mtu mwingine: "Pale kwenye mnyaa panakuwa nini?"

"Mnyaa ndo nini?"

"Huo mti. Hapo."

"Aah, twende kwenye mfano, utaona vizuri."

Mfano ulikuwa juu ya meza katikati ya ukumbi, chini ya kioo. Kwamsisi yetu, kwa povu na rangi. Korongo, njia, kilima cha kipara. Mteremko umejaa vinyumba vyenye madirisha ya kijani na mistari ya maua ya zambarau. Chini, mahali petu, hapakuwa na kitu, wamepaka kijani kitupu kama nyasi. Akaniwekea kidole juu ya kioo.

"Pale pana bwawa la watoto. Kila nyumba ya mbele ina lake. Na hilo la kwanza ndo wanaanzia, wachimbaji wako njiani, ni suala la siku tu."

"Huo mnyaa ni mpaka," baba mkubwa akaingilia, kwa furaha ya mtu anayejua. "Mimi ndiye niliyewatembeza wapimaji. Nikawaambia, kuanzia mnyaa huu kwenda juu, chukueni. Wakaniuliza, mzee, kuna makaburi huku? Nikawaambia hakuna, makaburi yetu yote yako kule msikitini, yamejengewa. Wakaandika: hakuna."

Hakudanganya. Hilo ndilo lililonitia wazimu. Yule mzee alisimama pale na moyo mweupe kabisa.

Ndipo nilipofunua kioo.

Walitutoa nje kwa adabu. Binti aliokota kile kipande kwenye sakafu nilipokiachia, akawa anakipangusa kwa ncha ya gauni, macho yamemjaa maji, na nilimwonea huruma kidogo. Wenzetu wakapewa pilau na kipande cha sabuni yenye harufu ile ile. Mimi na mama mkwe wangu tulikaa kwenye ngazi na mtoto. Hakula. Nilimngoja anigombeze.

"Umeona ngapi?" akaniuliza hatimaye.

"Ngapi nini, mama?"

"Minyaa. Kwenye ile meza yao."

"Hawakuweka minyaa. Wameweka nyumba na maua."

"Mimi nilikuwa natafuta mahali ilipo," akasema. "Sikuona hata mahali pamoja." Kisha akamfunga mjukuu wake leso kichwani.

Mengine aliyasema jikoni, jioni ile ile, akichambua mboga, hakunitazama.

"Wewe ulidhani minyaa ile yote ni mipaka?"

Nilikuwa nimeshika mwiko. Nikauweka chini.

"Mteremko mzima ule, mama?"

"Mteremko wote. Mtoto mmoja wa bibi yangu, wawili wa mama yangu mdogo. Wangu..." Akakatiza. Akaendelea kuchambua. "Sisi tulichomeka. Wanaume walipokuja kugawana mashamba wakakuta minyaa imesimama, wakasema, kumbe wazee waliweka mipaka. Wakagawana hivyo. Wakagombana hivyo, mpaka barazani, huyu anasema mnyaa huu wangu, yule anasema wangu. Sisi tunasikiliza tu."

"Na hamkusema?"

"Tuseme nini? Mwanamke aliyechomeka mitano, wakijua, wangemwita nani? Wangemwacha siku hiyo hiyo. Wangesema ana mkono wa kuua watoto. Minyaa haikuhesabiwa, na sisi hatukuhesabiwa. Ndivyo tulivyokaa kwenye ndoa zetu."

Sijui kama naweza kueleza nilichohisi. Nimepita mteremko ule nikitafuta kuni. Nimekaa kwenye kivuli cha minyaa ile. Nimesikia wanaume wakipimiana hatua kutoka mnyaa hadi mnyaa, wakitukanana, wakipatanishwa. Kumbe kijiji chote kimepimwa kwa watoto wasiolia, na nusu ya kijiji haijui, na nusu nyingine inajua na inapika.

"Mama, wanakuja kuchimba."

"Nimesikia."

"Lazima tuseme."

"Ukisema mbele ya wanaume, umewafukua wewe kabla ya hao wenye mashine." Ndipo aliponitazama. "Na mimi utakuwa umenivua nguo uzeeni."

Nilimpigia mume wangu, ambaye yuko Tanga kwenye kazi. Nilimweleza wa kwetu tu.

"Ule mnyaa wa juu ya jiko?" akauliza.

"Ndiyo."

"Mimi si nilikuwa nafunga mbuzi pale?"

Nikahamishia simu sikio la pili.

"Kila nikija likizo nafunga mbuzi pale. Ulikuwa unaniangalia?"

"Nilikuwa naangalia."

"Kwa nini hukuniambia?"

"Uliuliza?"

Nikamsikia anavuta pumzi. Akasema, "Fanya unavyoona," kisha akasema, "Alikuwa wa kike au wa kiume?" Hata hilo hakuwa analijua. Nikamwambia.

Asubuhi yake nilipanda. Najua sikutakiwa. Jua lilikuwa limeshachoma, hakuna upepo, na mteremko ule ambao siku zote una kelele za mbuzi na watoto ulikuwa kimya, kimya kile cha watu wengi waliokaa pamoja wakaacha kuzungumza kwa sababu umeingia. Kila nilipogeuka kulikuwa na mnyaa. Mikubwa ya kale, imekuwa kama miti. Midogo. Mingine miwili imesimama karibu karibu. Sikuwa nimewahi kuona jinsi ilivyo mingi. Nikajikuta natembea kwa kunyata, nikiomba radhi kwa mdomo, "Samahani, samahani," kama mtu anayepita katikati ya wanaolala sakafuni msibani.

Kwenye wa kwangu walikuwa wamepigilia kigingi chenye utepe mwekundu, shinani kabisa. Nyundo ilikwaruza gome na mnyaa ulikuwa umetoa maziwa, yameganda meupe mpaka chini. Kata ilikuwa imesukumwa kando, imepinduka, mdomo juu, imejaa maji machafu. Niliyamwaga. Niliirudisha. Sikung'oa kigingi, ingawa mkono uliniwasha. Kwenye maonyesho nilishang'oa, nikaonekana kichaa. Safari hii nilitaka wanisikie.

Nilipogeuka kushuka nikaona uani kwetu, mbali chini, mwanamke ameinama anafagia. Ilikuwa ni mama mkwe wangu. Aliinuka, akaweka mkono kwenye paji la uso, akanitazama pale juu nilipokatazwa kuwa. Akaendelea kufagia.

Niliporudi nikamwambia, "Naenda ofisi ya kijiji. Nitasema wa kwangu. Wengine siwataji, sitasema hata kwamba wapo. Nitawaombea waulizwe kwa namna ya kike. Atakayetaka kusema aseme, asiyetaka asilazimishwe."

Alifikiri. "Wewe una mtoto mmoja mnyaani. Wa kwako unaweza kumbeba mdomoni."

"Ndiyo, mama."

"Usinitaje kwa jina."

"Nitalazimika kusema nani alizika."

"Sema mama mkwe. Mama wakwe wako wengi." Akaniletea khanga yake ile mpya nijifunge.

Mtendaji wa kijiji ni kijana wa umri wangu. Alinikaribisha kiti vizuri, akasikiliza nusu, akatazama dirishani.

"Sasa dada, hili ni jambo la ukoo. Si mngelimaliza na mzee?"

"Mzee ndiye aliyesema hakuna kaburi."

"Basi si amesema?"

"Hajui. Ndiyo maana nimekuja."

"Kaburi halina jiwe, halina jina. Nitajuaje kama ni kaburi?"

"Mama yako yuko hai?" nikamuuliza.

"Yupo."

"Ni mtu wa hapa hapa?"

"Wa hapa hapa."

"Kamuulize. Usimuulize ngapi. Muulize kama ninachosema kipo au hakipo. Mimi nangoja hapa."

Alinitazama kwa hasira, akataka kucheka, akaacha. Sikuwa nimemtukana. Lakini niliona anapiga hesabu kichwani, anapita kwenye shamba la kwao, mnyaa mmoja mmoja. Akavuta karatasi, akanipa kalamu. "Andika mwenyewe," akasema, sauti imeshuka. "Mimi nitapiga mhuri."

Niliandika hivi, na hivi ndivyo barua ilivyopokelewa, ikapigwa mhuri:

Kwa Mtendaji wa Kijiji.

Yah: Malalamiko dhidi ya upimaji na uchimbaji wa mteremko

Mimi ni mwanamke mkazi wa kijiji hiki, niliyeolewa hapa. Nalalamika kama ifuatavyo.

Juu ya jiko letu kuna mnyaa ambao wapimaji wameuandika kuwa ni mpaka. Si mpaka. Ni kaburi la mtoto wangu wa kiume, ambaye alizaliwa hakulia. Alizikwa na mama mkwe wangu kwa desturi ya wanawake wa hapa. Hana jina, kwa hiyo sina jina la kuandika. Shahidi ninaye, ila hajakubali kusema mbele ya wanaume, na naomba asilazimishwe.

Wapimaji waliuliza wanaume kama kuna makaburi. Wanaume walijibu hakuna. Simlaumu aliyejibu, alisema anachojua. Nalaumu kwamba hakuna mwanamke hata mmoja aliyeulizwa, wala kwenye mkutano, wala mteremkoni, wala kwenye maonyesho, ambako mgongo wangu umetundikwa ukutani bila mimi kujua. Picha hiyo naomba ishushwe.

Naomba kazi isimame yote, kuanzia mnyaa huo kwenda juu, si kwenye mnyaa wangu peke yake. Naomba atafutwe mwanamke mtu mzima, asiye wa kampuni na asiye wa ofisi, apite nyumba kwa nyumba azungumze na wanawake wa kijiji faraghani, na pale atakaposema hapachimbiki, pasichimbwe, bila kuandikwa ni kwa nini wala ni kwa ajili ya nani.

Siombi fidia. Siombi kaburi lihamishwe. Siombi lijengewe. Naomba kigingi kitolewe, na kitolewe na mwanamke.

Nimeandika mwenyewe, kwa mkono wangu, nikiwa na akili timamu.